Bastola ya Mtumba wa Jeshi Inapokataa Kukaa Mkononi

Jeshi linapoagiza bastola huchagua mpini mmoja, kisha askari wa kila umbo hukabidhiwa uleule na kuambiwa azoee. Miongo kadhaa baadaye silaha hiyo inatolewa ghalani, inauzwa kwa raia na kufika mikononi mwako, mpini ukiwa bado uleule. Ndiyo maana malalamiko ya wanaonunua bastola za mtumba wa jeshi hufanana: ni nene, ni nzito, inang'ata, inalenga chini, kidole hakifiki. Malalamiko yenyewe ni ya kweli. Chanzo kinachotajwa ndicho mara nyingi sicho. Mtu analaumu unene wa mpini wakati tatizo ni umbali wa kifyatulio, au analaumu teke la risasi wakati springi ndiyo imechoka. Akikosea chanzo atanunua vibao vya mpini visivyohitajika, atauza bastola nzuri, au atachukua tupa aanze kuchonga chuma, jambo lisilorudishika.

Hapa tunakwenda dalili kwa dalili. Maelezo yanamfaa anayechagua na aliyekwisha kununua, mradi sheria ya mahali alipo inamruhusu kushika au kumiliki silaha hiyo.

## Kabla ya kuhukumu chochote

Toa magazini (kisanduku cha risasi kilicho ndani ya mpini) kwanza. Kisha vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, ishikilie, tazama ndani ya chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) kwa macho, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe pako tupu. Mpangilio huo usigeuzwe: ukianza na chemba huku magazini imo ndani, slaidi ikirudi itapakia risasi nyingine. Rudia ukaguzi kila bastola inapobadilisha mikono, hata kama muuzaji ameikagua mbele yako sasa hivi. Mtutu uelekee mahali ambapo risasi, kama ingetoka, isingemdhuru mtu, na kidole kikae nje ya kikinga cha kifyatulio hadi utakapopima mvuto wake.

Kufyatua bastola tupu ili kupima mvuto kunahitaji ruhusa ya mwenye silaha, na kwa bastola za zamani ni vizuri kutumia risasi bandia za mazoezi. Kuna sababu. Ile vz. 52 ya Czechoslovakia, inayotumia risasi za 7.62x25 (kipenyo na urefu wa ganda, kwa milimita), inajulikana kwa pini yake ya kufyatulia ambayo hukatika ikifyatuliwa tupu. Browning Hi-Power, kwa upande wake, haifyatuki magazini ikiwa nje, kwa hiyo utahitaji kuirudishia magazini tupu, la sivyo utadhani imeharibika.

Halafu angalia hali ya bastola yenyewe, maana mtumba wa jeshi una magonjwa yake. Silaha iliyolala ghalani hupakwa grisi nzito ya kuhifadhia, na grisi hiyo ikiganda ndani, kifyatulio huwa kizito na slaidi hukwama kwama. Usiseme kifyatulio ni kigumu kwa kidole chako kabla bastola haijaoshwa mpaka ndani. Springi ya slaidi iliyofanya kazi miaka mingi huchoka, na slaidi inapogonga nyuma kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, mkono ndio unaosikia. Springi mpya ni kitu kidogo. Ibadilishe kabla ya kutoa hukumu ya teke. Vibao vya mpini pia vichunguzwe. Vya mbao hupinda na kuachana na fremu (kiunzi cha chuma cha bastola), vya plastiki hupasuka kwenye tundu la skrubu, na mara nyingine vilivyopo si vya bastola hiyo kabisa bali vilivaliwa baadaye na mtu aliyependa umbo jingine. Kibao kinachocheza milimita moja tu kinatosha kukufanya uamini kwamba bastola nzima haikufai.

Mwisho, hakikisha unaishika sawasawa, kwa sababu mshiko mbaya huzalisha karibu kila dalili iliyo hapa chini. Fungua panda iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, uisukume juu kabisa nyuma ya mpini mpaka ikutane na mkia wa fremu. Ukitazama kutoka juu, mtutu, kifundo cha mkono na kigasha viwe mstari mmoja. Vidole vitatu vizungushe mpini vikigusa kikinga cha kifyatulio kwa chini. Baada ya hapo ndipo kidole cha shahada kiende kwenye kifyatulio. Wengi hufanya kinyume: hutanguliza kidole kwenye kifyatulio, kisha mkono unajipanga kukifuata, na bastola yoyote huonekana kuwatosha.

## Dalili: kidole cha shahada hakifiki, au kinafika kwa shida

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kwa maoni yangu kipimo hiki ndicho kinachoamua kama bastola ni yako au si yako. Unene unaweza kuupunguza, uzito unaweza kuuzoea. Umbali kutoka nyuma ya mpini hadi uso wa kifyatulio ni vigumu kuugusa, na mkono wako hautaongezeka urefu.

Shika bastola tupu kama ilivyoelezwa, nyundo ikiwa chini, kisha tazama kidole kinaishia wapi. Kinachotakiwa ni nyama ya ncha ya kidole, pale zinapozunguka alama za kidole, itulie katikati ya uso wa kifyatulio, na mwanya mwembamba ubaki kati ya ubavu wa kidole na fremu. Kikigusa kwa ncha ya ukucha tu, umbali ni mrefu kwako. Kikifika huku kimelala kwenye fremu urefu wake wote, ni mrefu pia, maana utakapovuta kitasukuma fremu pembeni.

Dalili ya tatu imejificha zaidi. Kidole kinaonekana kukaa vizuri, unaridhika, lakini ukitazama nyuma ya mpini unaona panda ya mkono haipo tena katikati. Imehama pembeni, na nyuma ya bastola sasa kuna kiungo cha kidole gumba. Mkono umejizungusha kimyakimya ili kufidia ufupi wa kidole. Ukipiga hivyo, teke halipiti tena kwenye kifundo na kigasha. Linaishia kwenye kiungo cha gumba, na baada ya magazini chache kiungo kinauma. Mtu wa namna hii atasema bastola ina teke kali. Ataambiwa atumie risasi laini zaidi, na tatizo litabaki palepale.

Kuna mtego hapa unaohusu aina ya mvuto. Kwenye Makarov, Walther P38, CZ 82 na Beretta 92S zilizotumiwa na polisi wa Italia, kifyatulio chenyewe huinua nyundo na kuiachia katika mvuto wa kwanza. Nyundo ikiwa chini, kifyatulio hukaa mbele sana. Ukiikoki nyundo, yaani ukiivuta nyuma kwa gumba mpaka ikae, kifyatulio hurudi nyuma na kidole kinafika bila taabu. Sasa, ukipokea bastola ikiwa imekokiwa, utaisifu. Siku ya kupiga risasi ya kwanza nyundo ikiwa chini, utashangaa. Pima hali zote mbili, na hukumu kwa ile ngumu.

Ukitaka uhakika zaidi tumia uzi. Nyoosha kidole cha shahada kana kwamba unaonyesha kitu mbele yako, pima kutoka ndani ya panda hadi katikati ya nyama ya ncha ya kidole, ufunge fundo. Kisha uweke uzi huohuo kwenye ubavu wa bastola, kuanzia sehemu ya juu nyuma ya mpini ambapo panda hukaa, hadi uso wa kifyatulio nyundo ikiwa chini. Fundo lisipofika kwenye kifyatulio, hakuna mafunzo yatakayolifikisha. Uzi huo uweke mfukoni. Utakusaidia kwa kila bastola utakayoiona baadaye, hata iliyofungiwa kwenye kabati la kioo.

Tiba inategemea mpini umejengwaje, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwenye Tokarev na Hi-Power, nyuma ya mpini ni chuma cha fremu yenyewe. Vibao viko ubavuni tu. Ukivaa vibao vyembamba, mpini unapungua mzunguko na kidole kinapata nafuu kidogo, lakini umbali wa nyuma hadi mbele haujabadilika. Makarov ni tofauti: mpini wake ni kipande kimoja kinachozunguka nyuma, kimeshikwa na skrubu moja. Fungua skrubu hiyo, vuta kipande kwa nyuma, kinatoka chote. Kwa hiyo ukivaa kipande chembamba zaidi nyuma, umbali wenyewe unapungua, na tofauti ya milimita chache tu unaisikia mara moja. Hii ni mojawapo ya sababu ninazompendekezea Makarov mtu ambaye mkono wake uko mpakani.

M1911 ya Marekani ina somo lake. Baada ya uzoefu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi lenyewe lilikubali kwamba bastola hiyo haikai vizuri katika mikono ya wengi, na katika miaka ya 1920 likatoa toleo la M1911A1. Kifyatulio kilifupishwa. Fremu ilichongwa pande zote mbili nyuma ya kifyatulio ili kidole kipate njia. Mkia wa sefti ya mpini, yaani kizuizi cha usalama kilicho nyuma ya mpini, ulirefushwa, na kipande cha nyuma ya mpini, kilichokuwa bapa, kikapewa mbinuko. Mabadiliko yote hayo yalihusu mkono. Utaratibu wa kufyatua ulibaki vilevile. Kwako wewe mnunuzi maana yake ni kwamba ukikuta ya zamani na ya baadaye, usizichukulie kuwa bastola moja. Zishike zote mbili. Kipande kile cha nyuma hubadilishwa, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na fremu ya toleo moja na umbo la nyuma la jingine.

Na kama vibao haviwezi kusaidia? Hamia bastola ambayo nyundo hukokiwa kwanza na kifyatulio kina kazi moja tu ya kuiachia. Tokarev, Hi-Power na Star BM ya Hispania ziko kundi hilo, na umbali wake ni mfupi. Ukipenda mvuto wa kwanza mrefu, itafute P6 iliyotumiwa na polisi wa Ujerumani Magharibi. Magazini yake ni ya safu moja ya risasi 8, na watu wenye mikono midogo huiweza pale ambapo Beretta 92S huwashinda.

Kinyume chake, kidole kinachopitiliza mpaka kiungo cha kwanza kikanasa kwenye kifyatulio, ni shida ya mikono mikubwa kwenye bastola ndogo kama P-64 ya Poland. Rudisha kidole nyuma kwa kukipinda kidogo zaidi, au ongeza unene wa mpini. Hili ni rahisi kutibu kuliko lile la kwanza.

## Dalili: "ni nene mno"

Neno hili husemwa haraka kuliko linavyothibitishwa. Mpini mnene kweli utautambua kwa vidole vya kati na vya pete, si kwa cha shahada. Shika bastola kwa mkono mmoja, kaza, mwombe mwenzako ajaribu kuizungusha kushoto na kulia taratibu kwa kushika slaidi. Ikigeuka ndani ya kiganja ingawa umekaza, na ncha za vidole vyako ziko ubavuni zikisukuma badala ya kuvuta kuelekea kiganja, mpini umekuzidi. Isipogeuka, unene si tatizo lako. Rudi kwenye kifyatulio.

Bastola za safu mbili za risasi ndizo zinazoshukiwa kwanza, na si zote zina hatia. Hi-Power ya mwaka 1935 hubeba risasi 13, lakini mpini wake umeviringwa vizuri kiasi kwamba watu wengi wenye mikono ya wastani huishika bila lalamiko. CZ 82 yenye risasi 12 ina unene unaosikika, ila umbo la nyuma linaifuata panda ya mkono. Kwa hiyo usihesabu risasi ukadhani umepima mpini.

Vibao vyembamba vya mbao ngumu au alumini ndiyo tiba ya kawaida. Kabla ya kuvuta kibao cha zamani tazama chini yake kwa makini, maana kwenye baadhi ya bastola kibao hicho hubana springi ndogo au kipini ambacho kikiruka hutakiona tena.

Mpini mwembamba nao una taabu zake. Tokarev ni bapa. Mwenye mkono mkubwa huona ncha za vidole zikichoma kiganja chake mwenyewe, na bastola huhama kidogo kila risasi. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichovutwa juu ya mpini huijaza nafasi hiyo vizuri. Kikate kisifunike kitufe cha magazini, na kwenye bastola yenye sefti nyuma ya mpini usikitumie kabisa, kwa sababu mpira unaweza kuibana sefti hiyo ikabaki imefunguka.

## Dalili: inang'ata, inachubua, inatoa damu

Soma jeraha kabla ya kutafuta dawa. Alama moja iliyobanwa juu ya panda ni kazi ya nyundo: slaidi inaporudi inaisukuma chini, na nyama inakamatwa kati yake na mkia wa fremu. Hi-Power inajulikana kwa hilo, na M1911 ya mwanzo pia. Ule mkia uliorefushwa kwenye A1 ulikuwa dawa yake. Michirizo miwili sambamba, myembamba, ni kazi ya kingo za chini za slaidi zilizopita juu ya nyama. Hiyo utaipata kwenye Walther PP na PPK, na kwenye PA-63 ya Hungaria, hasa kama kiganja chako kina nyama nyingi.

Dawa ambayo kila mtu huigundua mwenyewe ni kuteremsha mkono chini kidogo. Siipendi. Mkono ukishuka, mtutu unapanda zaidi kila risasi, na unakuwa umeondoa jeraha kwa kuharibu shabaha. Jaribu glavu nyembamba ya ngozi uone kama umbo linakubali. Kwa Hi-Power ziko nyundo zenye umbo fupi ambazo fundi silaha anaweza kuweka, na ile ya asili ukaihifadhi. Kwa slaidi inayochubua, sijaona tiba inayoshinda kuchagua bastola yenye mkia mrefu. Makarov, ingawa inafanana na PP kwa sura, huwasumbua watu wachache zaidi, ishike ujionee.

## Dalili: ukiinyanyua, mtutu unaelekea chini au juu

Simama, elekeza bastola tupu mahali salama, fumba macho, inua mkono kama unayeonyesha kitu kilicho mbele yako, kisha fumbua. Nundu ya mbele ya kulengea inapaswa kuwa karibu na mwanya wa nyuma. Rudia mara kadhaa, maana mara moja haithibitishi kitu.

Kama kila mara nundu imezama chini, mpini umesimama wima kuliko kifundo chako kinavyopenda. Tokarev ina mpini uliokaribia pembe mraba na mtutu, na vz. 52 nayo iko hivyo, tena mtutu wake uko juu sana ya mkono. Kama nundu inapanda angani, mpini umelala zaidi, kama wa Luger P08. Aliyezoea M1911 akichukua Luger huona mtutu unatazama juu. Aliyezoea Luger akichukua Tokarev huona kinyume. Hiyo ni tabia ya kifundo cha mkono, na tabia hubadilika. Tatizo hili peke yake lisikufanye uiache bastola usipokuwa na nia ya kuzibadilisha badilisha kila wiki. Kwa M1911 kuna njia fupi: kipande cha nyuma chenye mbinuko huinua mtutu, kilicho bapa huushusha.

## Dalili: teke linauma kuliko risasi inavyostahili

Ukishathibitisha springi ni nzima na mkono haujajizungusha, tazama namna slaidi inavyofanya kazi. Katika P-64, PA-63, Makarov na CZ 82, mtutu na slaidi havifungamani. Uzito wa slaidi na springi ndivyo vinavyoizuia. Teke la bastola hizo huja kwa kishindo kifupi. Ndani ya kundi hilo uzito wa bastola nzima huamua mengi. PA-63 ina fremu ya alumini na uzito wa gramu 600 hivi. Makarov ya chuma ina gramu 730 hivi. Risasi ni ileile ya 9x18, mkono unasikia vitu viwili tofauti. Mpini mdogo huzidisha, kwa sababu nguvu ileile inagawanywa kwenye eneo dogo la kiganja. P-64 ina sifa mbaya katika hili, na mvuto wake wa kwanza ni mzito mno. Wengi huibadilishia springi ya nyundo. Ukifanya hivyo hakikisha bado inawasha kila risasi, si nyingi tu.

Kidole kidogo kinachoning'inia chini ya mpini mfupi huongeza kuyumba, ingawa kwa kulenga polepole si balaa. Magazini yenye ulimi wa kuegemeza kidole, kama ya Beretta 1934, hutatua hilo.

## Dalili: slaidi haivutiki, vitufe havifikiki

Slaidi za kundi lile lisilofungamana zina springi ngumu. Bastola ikiwa na nyundo ya nje, koki kwanza kwa gumba, kidole cha shahada kikiwa nje ya kikinga na sefti ikiwa imefunguliwa. Slaidi haitakuwa tena na kazi ya kuisukuma nyundo, na utaona imelegea. Kisha shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu na usukume mpini mbele kwa mkono mwingine, badala ya kuibana kwa vidole viwili na kuvuta.

Kitufe cha magazini kwenye Makarov, P38 na bastola nyingi za Ulaya za wakati huo kiko chini nyuma ya mpini. Hakijakosewa, wala mkono wako haujapungukiwa. Kilitengenezwa kwa mkono wa pili. Sefti ndiyo ya kuangalia zaidi. Kwenye Makarov, kuisukuma juu ni kufunga. Kwenye PA-63 na Walther PP, kuishusha ni kufunga. Anayemiliki zote mbili afanye mazoezi na moja mpaka gumba lisiulize.

Anayetumia mkono wa kushoto hubanwa zaidi. Kibao cha PA-63 chenye kiegemeo cha gumba kilichongwa kwa mkono wa kulia, na kikiingia kwenye mkono wa kushoto hukaa chini ya ncha za vidole kama kokoto. Kwake CZ 82 ndiyo ya kutazamwa kwanza: sefti na kitufe cha magazini viko pande zote mbili.

## Dalili: ilikaa vizuri dukani, uwanjani imebadilika

Mara nyingi mnunuzi aliishika kwa sekunde chache, kwa mkono mlegevu, magazini ikiwa nje. Mkono uliolegea hukubali karibu kila umbo. Unapopima kaza kama utakavyokaza ukipiga, weka magazini tupu ndani ili kiganja kiguse sehemu yake ya chini, nyoosha mkono kwenye shabaha kwa dakika nzima, vuta kifyatulio mara kumi kama umeruhusiwa, kisha fungua kiganja ukitazame. Ngozi itakuonyesha alama nyekundu pale chuma kilipogandamiza. Alama iliyosambaa sawasawa ni habari njema. Nukta moja kali chini ya gumba au kwenye kinundu cha kidole cha kati chini ya kikinga cha kifyatulio ndiyo itakayokuwa lengelenge baada ya risasi hamsini. Tafuta kilichoisababisha: kichwa cha skrubu kilichotokeza, ncha ya kibao, au ukingo wa fremu wenye kutu iliyokula chuma.

Kichwa cha skrubu na ncha ya kibao unaweza kurekebisha mwenyewe. Ukingo wa fremu uache. Bastola hizi hubeba mihuri ya kiwanda na namba kwenye fremu, na baadhi zina namba inayolingana kwenye slaidi na mtutu, na tupa ikipita hapo, imepita. Ukibadilisha vibao, funga vya asili pamoja na skrubu zake kwenye mfuko mmoja, uandike namba ya bastola juu yake. Na kama umepima, ukakuta kidole hakifiki na nyundo inang'ata kwa pamoja, irudishe mezani, umshukuru muuzaji, uombe kushika inayofuata.